Teke la Siku ya Soko: Utangulizi wa Elimu ya Kutafuta Maumivu ya Mnyama

Nje kidogo ya Bunia, kwenye barabara inayoteremka kwenda Kasenyi, niliitwa kumwangalia ng'ombe mwekundu aliyekuwa akipiga teke siku za soko tu. Siku nyingine alisimama akicheua, macho nusu yamefumba, na maziwa yakaingia ndooni bila taabu. Siku ya soko ndoo ilipinduliwa. Mwenye ng'ombe, mzee aliyefuga tangu utotoni, hakuwa na shaka. "Munganga," yaani daktari, aliniambia, "hii ngombe inajua siku ya soko. Iko na kichwa nguvu." Majirani walikuwa wameshamshauri amwuze, na mmoja alikuwa ametaja pepo.

"Papa," nikamwuliza, "siku ya soko nani anakamua?"

Siku ya soko, akajibu, yeye huondoka giza halijaisha ili awahi mjini, kwa hiyo anayekamua ni mjukuu wake. Nikaomba mtoto akamue nami nimechuchumaa kando. Mzee alikuwa na mkono mpana, na nilikuwa nimemwona akikamata chuchu kwa kiganja kizima na kufunga vidole kimoja baada ya kingine. Kiganja cha mtoto hakikutosha. Alikunja dole gumba, akabana chuchu kati ya fundo la dole na kidole cha shahada, akavuta kuanzia juu kabisa, pale chuchu inapotokea kwenye kiwele. Kwenye chuchu ya nyuma ya kulia, hapohapo juu, ndani ya mkunjo wa ngozi, palikuwa na ufa mwembamba wenye kigaga, urefu wake kama punje ya mpunga. Kupe alikuwa amekaa hapo, wa ile aina kubwa yenye mgongo wa madoa, ambayo mdomo wake ni mrefu na huacha jeraha la kina. Fundo la dole lilipita juu ya ufa kila mvuto. Kiganja cha mzee kilianzia chini yake.

Ng'ombe yule hakuwa na habari na soko. Tulisafisha kidonda, tukapaka dawa, mtoto akafundishwa kufunga vidole badala ya kuvuta, na ngozi ilipofunga ndoo ikatulia.

Nimeanza naye kwa sababu elimu ninayokukaribisha ndani yake inaanza na swali lake. Mnyama mtulivu anabadilika mara moja moja, kisha anarudi kuwa mtulivu. Ana nini mwilini? Vitabu vingi vinalijibu swali hilo kupitia farasi anayerusha mateke huku amebeba mtu, na nitafanya hivyo pia, ingawa najua msomaji wa Bunia ataniuliza farasi nimemwona wapi. Ni kweli. Unaweza kuishi Ituri hadi uzeeni, ukazunguka Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa, usimguse farasi hata mmoja. Mbung'o wa maeneo yetu ya msitu na vichaka hubeba vimelea vya nagana, ambavyo farasi hana nguvu ya kuvistahimili, na visubi hueneza ugonjwa mwingine unaoitwa kwa jina lake hasa, homa ya farasi ya Afrika, ambao huua kwa siku chache.

Hata hivyo kisa kimoja cha farasi kinatugusa. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, huyohuyo aliyekuja kupita msitu wetu wa Ituri mwaka 1887 hadi Ziwa Albert, aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili. Mmoja, wa kijivu, alikuwa zawadi ya Sultani Barghash wa Unguja. Wote wawili walikufa mwanzoni kabisa mwa safari, na mkuu wa kijiji cha Kingaru akadai malipo kwa sababu farasi amezikwa kwenye ardhi yake bila ruhusa. Stanley alihofia mbung'o. Lakini alimpasua farasi wa kijivu, akakuta tumboni minyoo mifupi na minene iliyojishikiza kwenye ukuta wa tumbo. Anayesoma maelezo hayo leo hutambua mabuu ya nzi anayetaga mayai kwenye manyoya ya miguu ya farasi. Farasi hujilamba, mayai huingia mdomoni, mabuu hushuka na kuganda tumboni miezi kadhaa. Sina upendo na mengi aliyoyatenda Stanley njiani. Ila siku ile alifanya jambo ambalo somo letu linalidai: alikuwa na jibu la kila mtu tayari mkononi, akafungua tumbo aone mwenyewe. Sisi tunataka kuona mapema zaidi, farasi akiwa bado anapumua.

Elimu ya tiba ya wanyama yenyewe ilizaliwa karibu na tandiko. Shule yake ya kwanza ilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, na Claude Bourgelat, aliyekuwa mwalimu wa kupanda farasi. Naona maana kubwa katika hilo. Mtu aliyekaa juu ya migongo ya farasi mwaka baada ya mwaka ndiye aliyeona kwamba anayempanda mnyama bila kujua mifupa iliyo chini yake anapanda gizani. Kijana wetu wa Bunia akitaka kuisomea fani hii leo, njia yaweza kumpeleka Lubumbashi, na huko bado atamkuta farasi kwenye vitabu. Basi afadhali amzoee mapema.

Tuanze na tendo lenyewe. Farasi anayerusha mateke hushusha kichwa, huuinua mgongo ukawa kama upinde, kisha hutupa miguu ya nyuma juu. Usimchanganye na anayesimama kwa miguu ya nyuma, wala na anayetupa teke moja la kando kumfukuza nzi. Mgongo ulioinuliwa hivyo una kazi moja, kukirusha kilicho juu yake. Pundamilia aliyerukiwa na simba hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kutazama ni pale penye mzigo.

Lakini ngoja kidogo, kwa sababu si kila teke ni kilio. Farasi kijana aliyefungiwa siku tatu akifunguliwa asubuhi ya baridi ataruka na kurusha miguu kwa furaha tu, kama ndama wetu anavyokimbia mkia juu mvua ikinyesha. Ndiyo maana mchunguzi mwangalifu humtazama farasi kwanza akiwa hana kitu mgongoni, halafu akiwa na tandiko bila mtu, halafu na mtu. Kila hatua hubadilisha jambo moja. Teke likitokea hatua ya pili, mpandaji ameshaondolewa lawama. Nimewaona wanafunzi wakiiruka hatua hii kwa haraka ya kufika kwenye mashine ya picha, na baadaye wakalazimika kuirudia na mwenye farasi ameshachoka.

Mgongo wa farasi kwa kawaida una pingili 18 za kifua, kila moja na jozi yake ya mbavu, kisha pingili 6 za kiuno. Kila pingili inachomoza mwiba wa mfupa kuelekea juu. Kule mbele, karibu na mabega, miiba hiyo ni mirefu na imelalia nyuma. Ile ya kiunoni ni mifupi na imelalia mbele. Inapokutana, katikati ya mgongo, chini ya mahali penyewe mtu anapokaa, nafasi kati ya mwiba na mwiba huwa finyu. Kwa farasi wengine miiba hugusana na kusuguana. Akitembea pole hali huwa nafuu. Akitakiwa kuingia kwenye shoti na mgongo ukainama chini ya uzito, mfupa hubana mfupa.

Hapa mwanafunzi hufurahi, hupiga picha ya eksirei, huona miiba imegusana, hufunga daftari. Asifunge. Farasi wengi wenye miiba iliyogusana hubeba watu miaka yote bila malalamiko, na mwingine mwenye picha safi anaumia msuli. Picha huonyesha umbo la mfupa. Kama mfupa huo unauma, picha haisemi, na nimekuwa nikilirudia hilo kila muhula kwa sababu ndilo kosa linalogharimu wanyama wengi zaidi.

Tandiko lina historia yake, na farasi huiandika kwenye ngozi. Nywele nyeupe zilizoota pande mbili za mgongo wa farasi mweusi ni alama ya mahali palipobanwa muda mrefu hadi mizizi ya nywele ikapoteza rangi. Baada ya safari, livue tandiko usome jasho: doa kavu katikati ya jasho mara nyingi ndipo lilipokandamiza mno. Tena tandiko lililomfaa wakati wa majani mengi linaweza kumuumiza wakati wa kiangazi, kwa kuwa misuli imepungua na mgongo umebadilika umbo. Mwenye farasi ataapa kwamba tandiko ni lilelile. Kweli ni lilelile, mgongo ndio umebadilika.

Tumbo nalo lina sehemu yake. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali, maana aliumbwa kutafuna majani karibu siku nzima. Sehemu ya juu ya tumbo haina utando mzito wa kuikinga. Akikaa na njaa saa nyingi, kisha akakimbizwa, asidi hurushwa juu na kuchoma. Vidonda hutokea hapo. Farasi wa namna hiyo atageuza kichwa kuuma unapomkaza ukanda wa tumbo, na ukanda ukikazwa zaidi huenda akarusha mateke. Meno yenye makali hukata mashavu na ulimi, lakini kwa kawaida humfanya apinge lijamu na kutikisa kichwa kuliko kurusha miguu. Kwa farasi jike hesabu siku, kwa kuwa mzunguko wake wa joto ni kama siku 21, na teke linalorudi kila wiki tatu linastahili kuulizwa kuhusu mfuko wa mayai. Nasema liulizwe, kwa sababu mfuko wa mayai umelaumiwa mara nyingi kwa makosa ya tandiko.

Sasa nifike pale ambapo moyo wangu uko katika somo hili, yaani neno "mara moja moja". Watu hulitumia kama ushahidi dhidi ya mnyama. Kama ana maumivu, wanasema, mbona jana alikuwa mzima? Mama yeyote anayebeba bido la maji kutoka bombani hadi nyumbani anaweza kulijibu. Kiuno kinamuuma tangu mwaka jana. Anapanda mlima wa kwanza kimya, wa pili kimya. Siku ambayo bido limejazwa hadi mdomoni, mtoto yuko mgongoni, na njia ina utelezi, ndipo anapoguna. Maumivu yalikuwepo siku zote, ila siku ile yalizidi kiwango cha kuvumilika. Kwa mnyama pia vitu vidogo hujumlishana: goti lenye uvimbe kidogo, kwato zilizochelewa kukatwa, ardhi iliyokauka, kona ya kulia, mpandaji anayeegemea upande. Kimoja peke yake hakifikishi kwenye teke.

Ndiyo maana chombo changu cha kwanza ni kaye, yaani daftari. Andika saa, njia, upande farasi aliogeukia, alikuwa kwenye mchakamchaka au shoti, alikuwa amekula lini, nani alimfunga tandiko na nani alimpanda. Andika hata siku ambazo hakufanya lolote, na hizo hasa, kwa sababu bila siku za utulivu huna cha kulinganisha. Baada ya mwezi mmoja soma kurasa zote kwa mkupuo. Kule Nairobi, kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, na katika mazizi ya Oman ambako Kiswahili bado kinasikika, saisi anayemhudumia farasi yuleyule kila siku hubeba kaye kama hiyo kichwani. Muulize yeye kabla ya kumwuliza mwenye mali. Anajua ni sikio lipi huanza kulala nyuma.

Maana teke kubwa hutanguliwa na mambo madogo. Mwaka 2018 daktari Mwingereza Sue Dyson na wenzake walitoa orodha ya tabia 24 za farasi aliyepandwa, kama masikio kulazwa nyuma kwa sekunde kadhaa mfululizo, mkia kupigwapigwa, mdomo kufunguliwa na kufungwa, jicho kukaza. Farasi asiye na maumivu huonyesha chache. Anayeonyesha 8 au zaidi kuna uwezekano mkubwa anaumwa mifupa au misuli, hata kama mwenye farasi anasema ni mtundu tu. Thamani ya orodha hiyo, kwangu mimi, ni kwamba inampa kijana asiye na uzoefu macho ya mzee. Inamlazimisha kutazama mnyama mzima wakati kila mtu anatazama miguu ya nyuma.

Ukishakuwa na dhana, unaijaribu kwa sindano. Dawa ya ganzi hudungwa karibu na mshipa wa fahamu wa sehemu ndogo, kisha farasi huendeshwa tena. Kwenye mguu tunaanzia chini kwenye kwato na kupanda, kiungo baada ya kiungo, mpaka pale ganzi itakapobadilisha mwendo. Kuna jambo moja ambalo mara ya kwanza kuliona lilinifanya nikae kimya. Farasi mwenye maumivu sawasawa kwenye miguu yote miwili ya nyuma hachechemei, kwa sababu hana mguu mzima wa kuegemea. Anaonekana mvivu au mkaidi, anakataa shoti, anarusha mateke akilazimishwa. Tia ganzi mguu wa kushoto, na palepale ataanza kuchechemea wa kulia. Alikuwa mlemavu wa miguu miwili na sote tulimwita mbishi.

Wengine hutumia dawa ya kutuliza maumivu kwa siku kadhaa waone kama tabia itabadilika. Njia hiyo inasaidia, lakini ina mipaka miwili ambayo lazima uishike. Maumivu mengine hayasikii dawa hizo, kwa hiyo kutobadilika si uthibitisho kwamba mnyama ni mzima. Tena fenilbutazoni, inayopendwa sana kwa farasi, haipewi mnyama ambaye nyama au maziwa yake yataliwa. Usije ukaibeba kutoka kwenye kitabu cha farasi ukampa ng'ombe wa Djugu. Na liko jambo la tatu, la kumbukumbu. Farasi aliyeumizwa na tandiko miezi sita anaweza kuendelea kurusha mateke kidonda kimeshapona, kwa kuwa mwili wake unatarajia. Hapo kazi ya mkufunzi mpole huanza, lakini huanza baada ya yetu.

Tunasema asante ya punda ni mateke. Methali inamzungumzia binadamu asiye na shukrani, na kwa hilo sina ugomvi nayo, ila imemponza punda. Lamu, mji ambao mizigo hupita kwenye vichochoro juu ya migongo ya punda, kumekuwa na zahanati ya punda tangu 1987, iliyoanzishwa na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza. Punda huficha maumivu kuliko farasi. Akifikia kupiga teke wakati wa kufungwa mzigo, jeraha la kamba au la shogi lina siku nyingi pale.

Na hapa kwetu? Tangu Desemba 2017, vurugu za Djugu zimezifanya familia nyingi zikimbie na kuacha mifugo, au kunyang'anywa. Ng'ombe ndiye aliyekuwa ada ya shule, mahari, na fedha ya hospitali. Mtu aliyebakiwa na mmoja akashauriwa kumwuza kwa bei ya nyama kwa sababu ya teke, mimi naona anaibiwa mara ya pili. Kumchunguza ng'ombe huyo kunagharimu muda tu: gusa kila robo ya kiwele kwa mgongo wa mkono uone ipi ina joto, kamua matone ya kwanza kwenye kitu cheusi utafute mabonge, fungua mikunjo ya ngozi utafute kupe, tazama kwato, na uliza nani anakamua siku gani. Yote niliyoeleza juu ya farasi yamo humo, katika umbo tunaloweza kuligusa.

Somo la kwanza litafanyika alfajiri, zizini, na hatutaanza na mnyama mgonjwa. Tutaanza na ndama wa mwaka mmoja ambaye hajawahi kubeba wala kufungwa kamba mgongoni. Utasimama ubavuni, karibu, ili akitupa mguu usiwe mbali kiasi cha kupata teke kamili. Utaweka vidole pande mbili za uti, nyuma ya mabega, na kushuka polepole mpaka kwenye mkia, ukibonyeza kwa nguvu ileile. Atauinamisha mgongo kidogo, kisha ataurudisha, ngozi itacheza. Wanafunzi wengi hudhani hayo ni maumivu, lakini ndivyo mgongo mzima unavyojibu mkono. Utarudia mara kumi, na kwa ndama wengine watano, mpaka vidole vijue jibu hilo bila kufikiri. Njoo na kaye, na ukate kucha.